Ukurasa wa Kumi na Sita

"Gundi, unakunja karatasi au unazibembeleza zilale?" Kisu alipaza sauti kutoka kwenye mashine ya kukatia. "Mwenzio nimesimama hapa kama nguzo ya umeme. Sina cha kukata."

"Zinakuja."

"Tangu saa mbili zinakuja. Zimepanda kobe?"

Fundi alicheka puani, mikono yake isisimame. Alikunja karatasi kubwa mara moja, akapitisha mfupa wake wa kukunjia juu ya mkunjo ulale. Akaigeuza, akakunja mara ya pili, mfupa. Mara ya tatu, mfupa. Ile karatasi iliyokuwa pana kama kitambaa cha meza ikawa fungu dogo la kurasa kumi na sita, linaloenea kiganjani. Ukiifanya kazi hiyo miaka saba, mikono inaacha kukuuliza. Pembeni ya meza yake, juu ya jiko dogo la umeme, sufuria ya gundi ilikuwa inapata moto polepole. Sufuria hiyo ndiyo iliyompa lakabu ya Gundi. Mwenzake aliitwa Kisu kwa sababu ya mashine yake, ingawa wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa vitabu mia moja na ishirini vya darasa la jioni: hadithi tisa za wanafunzi watu wazima, kila hadithi fungu lake na namba zake za kurasa. Vilitakiwa viwe vimefika shuleni saa kumi na mbili jioni, kwenye sherehe ya kufunga mwaka. Fundi alikuwa ameiomba kazi ile kwa bosi mwenyewe, kwa sababu hadithi ya nne ilikuwa ya mke wake.

Hakuwa ameisoma. Kila alipochungulia, mke alifunika daftari kwa kiwiko, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. "Utaisoma ikishakuwa kitabu," alimwambia. "Kama watu wote."

Na yeye alikuwa na cha kwake alichofunika. Mfukoni mwa shati, upande wa moyo, alikuwa na barua kutoka kiwanda kikubwa cha uchapaji katika mji wa mbali, mwendo wa siku mbili. Walikuwa wameleta mashine mpya, inayokunja, kushona na kupaka gundi yenyewe, na walitaka fundi mwenye mikono ya kazi wamfundishe kuiendesha. Miaka miwili. Malazi ni bwenini, familia haziruhusiwi. Anayetaka apige simu kabla ya saa kumi jioni, leo. Asiyepiga atahesabiwa amekataa.

Alikuwa nayo kwa siku tisa. Kila alipofungua mdomo amwambie mke, ama mtoto alilia, ama mke alikuwa anawahi darasani, na fundi akashukuru kimoyomoyo kwa kupata kisingizio. Alitaka kuiona ile mashine. Hilo hakujifichia. Alikuwa akiiota, inakunja karatasi haraka kuliko jicho, na yeye amesimama kando yake akijua kila gurudumu linafanya nini. Kisha alimkumbuka mtoto. Binti yao, waliyemwita Mkaguzi kwa jinsi alivyopekua kila sufuria na kila kabati, alikuwa na miezi kumi na moja. Miaka miwili ilikuwa ni maisha yake yote, mara mbili, na zaidi.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasorobo alipofika kwenye rundo la nne, ambalo alikuwa amelibakiza la mwisho. Alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuligusa.

Watu hudhani mshona vitabu ni mtu aliyesoma vitabu vingi. Fundi alikuwa amepitisha mikononi vitabu vya sheria, vya hesabu, vya mapishi, vya magonjwa ya ng'ombe, na hakuna hata kimoja alichokimaliza. Yeye alisoma namba ya ukurasa na mstari wake wa kwanza, ahakikishe kurasa zimefuatana, basi, ukurasa mwingine. Kichwani mwake mlikuwa na maelfu ya mistari ya kwanza isiyojua ilikoishia.

Na kulikuwa na jambo jingine. Karatasi ikiwa bado haijakunjwa, kurasa zake hazikai kwa zamu. Nusu zimesimama, nusu zimepinduliwa miguu juu, na ukurasa wa kwanza unalala ubavuni mwa ule wa mwisho. Ni ile mikunjo mitatu inayoziweka kila mmoja mahali pake. Fundi alilijua hilo kuliko alivyojua njia ya kwenda kwake. Lakini hii ilikuwa ya mkewe. Aliitandaza mezani vilevile, mbichi, akainama.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la hadithi, *Kijana na Uzi Wake*, na chini yake jina la mkewe kwa herufi za chapa. Aliligusa kwa kidole kama anajaribu kama wino umekauka. Kisha macho yakahamia ubavuni, kwenye ukurasa wa kumi na sita.

Mweupe. Namba tu chini, kumi na sita, na juu yake hakuna hata nukta.

"Huo umekataa wino," alisema Kisu, aliyekuwa amechoka kungoja na kuja kuchungulia. Akapekua rundo, karatasi kumi, ishirini, akafika chini. "Yote! Mia na ishirini, yote! Kaka, hii ni taka. Itupwe, wachape upya."

Akalikumbatia rundo zima na kugeukia pipa.

"Weka chini."

"Bosi akiona..."

"Nimesema weka chini, Kisu. Ngoja kwanza."

Kisu akaweka. Fundi akaigeuza karatasi upande wa pili, na kwa mazoea ya miaka yote akasoma namba na mistari ya kwanza ya kurasa nne zilizosimama, kutoka kushoto kwenda kulia.

Wa pili: *akampa kiti chake, yeye akasimama siku nzima.*

Wa kumi na tano: *akatoka na begi jeusi, mlango ukajifunga nyuma yake.*

Wa kumi na nne: *barua ilikuwa mfukoni mwa shati, imelowa pembe moja.*

Wa tatu: *na mwezi wa sita wakaoana.*

Mkono wake ulipanda wenyewe hadi mfukoni. Aliitoa barua. Pembe yake moja ilikuwa imejikunyata, karatasi imefanya mawimbi kama inavyofanya ikilowa na kukauka. Alikuwa ameliona hilo tangu Jumapili, akadhani ni jasho. Jumapili mkewe alifua mashati.

"Vipi?" Kisu aliuliza. "Umeona maiti?"

"Shemeji yako ameniandika."

"Amekuandika nini?"

"Nimemwacha. Nimechukua begi, nimetoka." Akalionyesha rundo kwa ile barua. "Mara mia na ishirini nimetoka, Kisu. Jioni watu watasoma. Mwalimu, majirani. Na ukurasa wa baada yangu hauna kitu."

Kisu alijikuna kisogo. "Kwani umemwacha lini?"

"Sijamwacha!"

"Sasa mbona unalia?"

"Silii. Ni moshi wa gundi."

"Gundi haijatoa moshi." Kisu akamsukumia mfupa wa kukunjia. "Wewe siku yangu ya kwanza humu ulinipiga kofi mkononi. Ukaniambia, karatasi isiyokunjwa haisomwi. Leo umeisoma mbichi, halafu unanililia mimi. Kunja hiyo kitu. Ukae chini usome kama mtu."

Fundi alikunja. Mkunjo wa kwanza haukunyooka, ikabidi aurudie. Wa pili, wa tatu. Alipasua kingo kwa kisu kidogo, akavuta kigoda ambacho hakikuwa kimekaliwa na mtu tangu asubuhi, akaketi. Kisu akarudi kwenye mashine yake akijifanya anapaka vyuma mafuta.

Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi, fundi alivuka mstari wa kwanza.

Hadithi ilimhusu msichana aliyeacha shule mapema kulea wadogo zake, akapata kazi katika uchapaji, ya kukusanya mafungu na kuyapanga. Siku yake ya kwanza kijana wa gundi alimpa kiti chake. Yeye akasimama siku nzima akidai mgongo unamuuma akikaa. Fundi alijikuta ameweka mkono kiunoni. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba mgongo wake ulikuwa mzima.

Ukurasa wa sita ulikuwa na madaftari. Kijana alikuwa akimshonea mke kutokana na vipande alivyovikata Kisu, vile virefu vyembamba vinavyoanguka chini ya mashine, na kwa hiyo madaftari yake yalikuwa membamba kama mkono wa shati. *Wenzake darasani walicheka*, aliandika mkewe, *lakini yeye alipenda, kwa sababu mstari mfupi ukikosea unakosea kidogo.*

Ukurasa wa nane: kijana amebaki na mtoto, jioni tatu kila wiki. Hajui nyimbo. Basi anazunguka naye chumbani akimsomea kitu pekee anachokijua kwa moyo, mpangilio wa kurasa kwenye karatasi mbichi. Nne, kumi na tatu, kumi na sita, moja. Tano, kumi na mbili, tisa, nane. Akifika nane mtoto amelala. Mama akirudi anasimama nje ya mlango kidogo, anasikiliza namba hizo, halafu ndipo anagonga.

Kumbe alikuwa akisimama nje. Fundi alidhani ni siri yake na Mkaguzi.

Ukurasa wa kumi: mke ameanguka mtihani wa kwanza. Amerudi nyumbani ameapa haendi tena, mtu mzima na mtoto, anatafuta nini kwenye madawati. Kijana hakumshawishi. Alichukua ile karatasi ya mtihani yenye alama nyekundu, akaitia ndani ya jalada gumu, akaishona kwa uzi bora, akampa. "Kitabu chako cha kwanza," akamwambia. "Kina ukurasa mmoja. Ongeza."

Neno asante halikuwamo popote. Kulikuwa na kiti, na vipande vya karatasi, na namba zinazohesabiwa gizani, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetandika vyombo safi mezani.

Ukurasa wa kumi na nne mke alifua, akakuta barua, akaisoma, akaianika kivulini, akairudisha mfukoni. Hakusema. Akatoa begi jeusi chini ya kitanda, akakunja suruali mbili na sweta. Fundi akageuza.

*akatoka na begi jeusi, mlango ukajifunga nyuma yake.*

Aliusoma tena mstari ule. Kisha akashuka.

*Hivyo ndivyo mwalimu wetu alivyonishauri iishe, kwa sababu msomaji akiumia hasahau. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Lakini mwenye hadithi hii ana tabia mbaya ya kusoma mistari ya kwanza tu. Najua sasa hivi yuko penye dirisha, ameisoma karatasi kabla ya kuikunja, na roho yake iko juu juu. Pole, mume wangu. Umeshaikunja? Keti.*

*Mimi sijui kama unakwenda au unabaki. Ningeweza kukuandikia, kalamu ninayo mimi. Sitaki. Begi nimekufungia kwa sababu mtu aliyebaki na mtoto ili mimi nikasome hawezi kukosa wa kumkunjia suruali mbili. Ukurasa unaofuata nimeuacha wazi, waambie wasiutupe. Na kabla hujaanza kuwaza, inuka ukazime gundi. Inaungua.*

Fundi akanusa.

Gundi ilikuwa inaungua.

Aliruka, kigoda kikaanguka, sufuria ilikuwa inatoa moshi mweusi na kububujika kama matope. Aliinyakua kwa shati, ikamchoma, akaiachia ndani ya ndoo ya maji, ikapiga kelele ya nyoka. Kisu alikimbilia madirisha. Mlango wa ofisi ukafunguka na bosi wao akatokea, mama mnene wa sauti ndogo, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Ni nani anachoma viatu humu ndani?"

"Ni gundi, mama," alisema Kisu. "Imeandikwa."

"Imefanyaje?"

"Imeandikwa kitabuni kwamba itaungua, na imeungua. Shemeji ni mchawi, mama. Njoo usome mwenyewe."

Bosi alishusha miwani, akasoma ukurasa wa kumi na tano akiwa amesimama, midomo ikicheza. Alipomaliza aliufungua ule wa kumi na sita, akautazama weupe wake muda mrefu kuliko unavyohitaji weupe. Kisha akaenda kwenye jalada la kazi, akatoa hati ya mkono. Kwenye ukurasa wa mwisho paliandikwa kwa penseli, kwa mwandiko mdogo: *Uachwe wazi. Si kosa.*

"Si uchawi," alisema bosi. "Mimi mwenyewe ningeweza kuandika. Huyu akiwaza kitu, gundi huwa haiponi. Mwaka jana akitafuta jina la mtoto tulikaa siku mbili bila gundi." Alimgeukia fundi. "Hiyo barua ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Kiwanda kile kikubwa?"

"Ndiyo."

Bosi aliipandisha tena miwani. Nje gari lilipita, vioo vikatetemeka. "Nilitumia mwaka mzima kukufundisha kushika sindano," alisema. "Si kwamba nakuambia kitu. Nasema tu." Akarudi ofisini kwake, akaacha mlango wazi kwa ajili ya moshi.

Walifanya kazi bila maneno mengi. Fundi alipika gundi nyingine na safari hii alisimama juu yake kama askari. Alikunja, akakusanya, akashona kwa mishono mitano kila mgongo. Kisu alikata kingo tatu, tap, tap, tap, na vitabu vikapangwa chini ya mbao na mawe vikauke. Saa kumi kasoro dakika kumi, fundi alitoka uani, akasimama karibu na pipa la vipande vya karatasi, akapiga simu.

Mwanamume aliyepokea alikuwa na haraka. "Eeh, fundi. Unakuja?"

"Sijui bado."

"Hujui? Leo ndiyo mwisho, ndugu yangu. Wapo watu hapa wanaililia hiyo nafasi."

"Kuna mtu sijaongea naye."

"Mtu gani?"

"Mke wangu."

Kicheko kikasikika, si kibaya. "Siku zote hizo ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa muoga," fundi alisema, na akashangaa jinsi lilivyotoka jepesi. "Yeye anajua. Ila hatujaongea."

"Haya. Kesho saa tatu asubuhi. Ikifika saa tatu na dakika moja nampigia mwingine."

Kisu alipeleka vitabu mia moja shuleni kwa mkokoteni. Ishirini vya mwisho, vilivyocheleweshwa na ile gundi, fundi alivifunga kwa kamba akaenda navyo nyumbani, maana shule iko njia hiyohiyo.

Chumba chao kilikuwa kimoja, pazia likigawa kitanda na meza. Mke alikuwa anapiga pasi gauni lake la bluu juu ya blanketi lililokunjwa, na Mkaguzi, sakafuni, alikuwa ametoa vifuniko vyote vya sufuria na kuvipanga kwa utaratibu alioujua mwenyewe. Mke hakuinua macho.

"Uliisoma mbichi?"

"Mbichi."

"Nilijua."

"Si ungeandika kwenye ukurasa wa kwanza kabisa kwamba nikunje kwanza?"

"Ungeona? Ukurasa wa kwanza mstari wa kwanza ni jina la hadithi. Ungesoma jina ukapita." Alipitisha pasi kwenye kola. "Na gundi?"

"Imekufa yote. Bosi amesema namchomea viatu."

Alicheka, na bega lake likashuka kama la mtu aliyetua mzigo. Kisha akauliza, bado anatazama kola, "Umepiga simu?"

"Nimepiga."

Pasi ikasimama.

"Nimewaambia sijui. Kwamba kuna mtu sijaongea naye. Wamenipa mpaka kesho saa tatu asubuhi." Akauona moshi mwembamba. "Mama Mkaguzi, pasi."

Aliinyanyua haraka. Gauni lilipona. Wakatazamana, na walikuwa karibu kucheka tena, lakini fundi alisema kile alichokuwa amekibeba njia nzima.

"Kwenye kitabu umenifungia begi. Ulimaanisha?"

"Kwenye kitabu mimi ni mtu mwema sana," alisema mke. Akaisimamisha pasi pembeni. "Hapa nyumbani sitaki uende."

Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda. Mkaguzi aligonga kifuniko kwa kifuniko.

"Nimeshalisema. Sitaki. Lakini wala sitaki ubaki, halafu kila ukikunja karatasi unaiwaza ile mashine. Nitakuona tu. Utaunguza gundi ya mji mzima." Alikuja akaketi kitandani, magoti yao yakagusana. "Barua nimeisoma, ila barua haisemi chochote. Nieleze hiyo mashine."

"Sasa hivi? Tutachelewa."

"Tuna nusu saa. Nieleze."

Hakuna aliyewahi kumwomba. Akaanza kwa kusitasita, kisha mikono ikaingia kazini: hapa karatasi inaingia, hapa visu viwili vinashuka, sindano kumi na mbili kwa pamoja, unaona, kumi na mbili, na gundi haipikwi, inatoka kwenye bomba, haiungui. "Haiungui kabisa?" mke aliuliza. "Kabisa." "Basi hata wewe hutaiweza," akasema, na fundi akampiga kwa mto. Alipomaliza alikuwa anahema kama aliyekimbia, na mke alikuwa anamtazama jinsi anavyomtazama Mkaguzi akijaribu kusimama bila kushika kitu.

"Unaitaka," alisema.

"Naitaka. Na nyinyi nawataka."

"Kesho tutapiga wote. Nitauliza mimi, wewe utaona aibu. Nitauliza kama ni lazima miaka yote miwili. Nitauliza kama mtu anaweza kupanga chumba nje ya bweni na kuja na watu wake. Kule shule za jioni si zipo?"

"Wakikataa?"

"Tutaketi hapahapa tuongee tena. Tutapiga saa mbili na nusu. Tutakuwa na nusu saa."

Fundi alimwokota Mkaguzi pamoja na kifuniko chake. Alitaka kumwambia mkewe kuhusu kile kiti, kuhusu kusimama nje ya mlango kusikiliza namba, kwamba hajawahi kudhani kuna mtu anamwona. Maneno yalikuja mengi, yote kwa mara moja, kama kurasa za karatasi mbichi. Aliloweza kulitoa lilikuwa moja.

"Ulijuaje kuhusu mgongo wangu?"

"Mgongo wako mzima kama mbao. Nilijua siku ileile. Nilikaa tu kwa sababu miguu ilikuwa inaniuma."

Walitoka jua likiwa limeshuka nyuma ya mapaa. Fundi alikuwa na mtoto mkono wa kushoto na mzigo wa vitabu mkono wa kulia, na kabla hawajafika kona mke alishika upande mmoja wa kamba.

"Ni vizito."

"Ni vyangu pia. Lete."

Wakawa wanautembeza mzigo katikati yao, na ikabidi walinganishe hatua, maana mmoja akiharakisha kamba ilimkata mwenzake vidole.

"Haya ya leo utayaandika?" fundi aliuliza.

"Yapi? Gundi nilishaiandika."

"Ya Kisu kutaka kukutupa pipani."

"Alitaka kunitupa!" Mke alisimama, mzigo ukavutika. "Kisu? Shemeji yangu? Nitaandika. Tena nitaanza na yeye, anavyokutukana kutwa nzima. Jana alikuambia nini?"

"Leo alisema karatasi zangu zimepanda kobe."

"Hapo. Nitaanzia hapohapo."

"Na iishie wapi?"

Mke alionyesha mbele kwa kidevu. Walikuwa wamefika mbele ya lango la shule, na njia ilikuwa imezibwa. Bomba lilikuwa limepasuka mchana, maji yametanda kutoka ukingo hadi ukingo, meusi, tulivu. Ng'ambo yake madarasa yalikuwa yamewashwa taa, na mtu fulani alikuwa anaburuza viti akivipanga.

"Kushoto kuna matofali," alisema fundi.

"Kulia kuna pakavu," alisema mke.

Walitazamana juu ya mzigo. Hakuna aliyeachia kamba. Mke alikusanya gauni la bluu kwa mkono wake mtupu, fundi akamsogeza mtoto juu zaidi begani, na wakaingia, yeye kwenye matofali, mke kwenye ukingo, wakiachana kadiri kamba ilivyoruhusu. Katikati yao vitabu ishirini vilining'inia juu ya maji, vikiyumba kidogo, na chini yake, majini, taswira za madirisha ya darasa zilitetemeka, kisha zikatulia, huku Mkaguzi akiinama kutoka begani kwa baba yake aone kule chini kuna nani.